Nunua mtaa kwanza, nyumba baadaye

Safu ya Mji na Watu
Na Rehema Kisanga

Matangazo ya madalali wa Dar es Salaam yanafanana. Ukisoma matatu, umeyasoma yote. Vyumba vinne, kimoja masta. Sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko na stoo. Fensi ipo, geti lipo, maji na umeme vipo, ndani yanaingia magari matano. Kutoka lami ni dakika kumi, na hapo dalali hafafanui kama ni dakika kumi za gari, za bodaboda au za mtu anayekimbizwa na mbwa. Mwisho kabisa: hati ipo, maongezi yapo.

Katika orodha yote hiyo mtoto hayumo. Kila kitu kimehesabiwa hadi getini, wakati maisha ya mtoto yanaanzia hapo getini kwenda nje. Mtoto wa miaka minane hana shida na chumba masta. Shida yake ni shule anayoweza kuifikia kwa miguu, duka analoweza kutumwa chumvi akarudi salama, uwanja wa kuchezea mpira, na majirani wanaojua yeye ni mtoto wa nani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenye watoto katika mji huu aongeze hatua moja: akishaingia na kuridhika, afungue tena atoke nje, atembee mtaa mzima ndipo azungumzie bei.

Msimamo wangu ni huu: familia inayonunua nyumba Dar es Salaam ni afadhali ichukue nyumba ndogo kwenye mtaa uliokamilika kuliko jumba kubwa kwenye mtaa ambao bado ni ahadi. Najua wengi watabisha, kwa sababu fahari yetu imejengwa kwenye ukubwa wa nyumba. Ndugu wakija kutoka kijijini wanahesabu vyumba. Hakuna anayehesabu saa ambazo baba na mama wanakuwa macho pamoja na watoto wao.

Tuanze na hizo saa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka ndani ya miaka kumi, na hawakubanana Kariakoo. Walikwenda Bunju, Madale, Goba, Kibamba na Chanika. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, wengine wakaelekea Kigamboni kwa kasi zaidi. Kiwanja kilichowashinda mjini walikipata huko kwa bei wanayoiweza, wakajenga kidogo kidogo, wakahamia nyumba haijapigwa hata lipu. Siwalaumu. Lakini mji ulipotanuka, kazi hazikuhama nao. Ofisi, masoko makubwa na hospitali za rufaa nyingi zimebaki kulekule.

Matokeo yake yanaonekana barabarani kila alfajiri. Saa 11 mzazi yuko kituoni au kwenye foleni. Basi la shule linapita saa 11 na nusu kumchukua mtoto wa chekechea, kwa kuwa aliye mbali ndiye anayechukuliwa wa kwanza. Jioni huyohuyo ndiye anayeshushwa wa mwisho, kichwa kimelala kwenye begi. Mzazi anafika saa 2 usiku, siku ya mvua saa 3. Ile nyumba ya vyumba vinne imegeuka bweni, na mtu pekee anayeweza kusema mtoto alianza homa lini ni dada wa kazi. Familia ya namna hiyo imepata nafasi ndani ya kuta, ikapoteza muda wa kuitumia.

Mitaa iliyokamilika haikujitokeza yenyewe. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Maeneo kama Sinza na Kijitonyama yalipimwa, barabara zikachorwa, nafasi za shule zikatengwa, kisha ndipo watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Manzese, ambako watu walikwisha kujenga kiholela, mradi uliingia kuboresha njia na maji huku nyumba zikibaki pale zilipo. Mwaka 2021 jarida la Journal of Political Economy lilichapisha utafiti wa Guy Michaels na wenzake uliolinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Miongo kadhaa baada ya mradi, yale yaliyopimwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na bora zaidi. Wananchi walijenga kwa mifuko yao wenyewe. Kilichowatofautisha ni kwamba upande mmoja barabara ilitangulia nyumba.

Tulipojaribu tena, tulishika nusu ya somo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Vipimo vilikuwa safi na viwanja vikubwa, ila huduma nyingi zilikuja nyuma kwa kujikongoja, na baadhi ya walionunua hawakuwa na haraka ya kujenga. Ukawa na kiwanja chenye hati, kulia kwako kichaka, kushoto kwako pagale lisilo na mwenyewe, na mtoto anayepita katikati yake jioni akitoka masomo ya ziada. Kupimwa ni jambo la lazima, lakini kupimwa peke yake hakulei mtoto.

Wala simwambii mtu akimbilie Sinza. Sinza ya leo ina baa na nyumba za wageni za kutosha kumnyima mtoto usingizi wiki nzima, na viwanja vingi vya makazi vimegeuka fremu za biashara. Kinachotakiwa ni kutafuta, popote pale, vile vitu ambavyo Sinza ilipewa ikiwa changa: barabara inayopitika, shule ya karibu na ardhi ya umma ambayo bado ni ya umma. Kuna vipande vya Tabata, Kimara, Mbagala na Kigamboni vyenye sifa hizo, na mitaa miwili mbele unakuta hakuna hata moja. Ndiyo maana swali la "Goba ni pazuri?" halina jibu. Uliza kuhusu mtaa, tena uutaje kwa jina.

Mtihani wa kwanza wa mtaa ni maji. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakafa, na familia zilizonusurika zikahamishiwa Mabwepande. Wengi tulibaki na picha kwamba mafuriko ni shida ya Jangwani na Kigogo. Lakini mito na makorongo yanakatiza pia Tegeta, Goba na Mbezi, na huko yanajengewa kuta za kifahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayekuuzia ndani ya mita hizo anakuuzia kesi. Usiende kukagua nyumba Januari jua likiwaka. Nenda masika, kati ya Machi na Mei, siku ya pili ya mvua mfululizo. Tazama ukuta kama una mstari wa tope, vizingiti kama vimeinuliwa kuliko kawaida, viroba vya mchanga kama vimepangwa mlangoni kwa jirani. Halafu uliza shule ilifungwa siku ngapi masika iliyopita, na watoto walivukaje.

Mtihani wa pili ni njia ya kwenda shule. Ifuate mwenyewe kwa miguu, saa ileile ambayo mtoto ataipita. Je, inakata barabara kuu ya Bagamoyo, Morogoro au Mandela? Kuna kivuko, au kuna bahati tu? Shirika la Amend limekuwa likifanya kazi kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, likirekebisha njia hizo kupitia mpango wake wa SARSAI, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kazi yenyewe haina makuu: njia ya watembea kwa miguu, tuta, alama za kivuko, geti la shule kuhamishiwa upande usio na magari. Kumbe usalama wa mtoto hausubiri mtaa uwe wa matajiri. Mtaa wa kawaida wenye matuta mawili mahali panapostahili unamfaa mtoto kuliko mtaa wa maghorofa ambako magari yanapita kama yako uwanja wa ndege.

Shule nayo ikaguliwe, isihesabiwe tu kwamba ipo. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi zaidi wameandikishwa, na shule za pembezoni mwa mji zimebeba mzigo mzito. Ingia ofisini, msalimie mwalimu mkuu, uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi na matundu ya vyoo ni mangapi. Kama shule ya serikali ya jirani haikuridhishi, bei halisi ya ile nyumba ni pamoja na ada na nauli ya basi la shule kwa miaka yote hadi mdogo wa mwisho amalize. Ukijumlisha hizo, nyumba ya bei nafuu ya mbali mara nyingi haibaki ya bei nafuu.

Mtihani wa tatu ni watu. Nenda Jumamosi usiku usikie muziki unatoka wapi na unazimwa saa ngapi. Nenda siku ya kazi saa 11 jioni utazame kama kuna watoto nje. Kama wapo wanacheza rede na mpira wa makaratasi, wazazi wa pale wanauamini mtaa wao. Kama hakuna hata mmoja, ulizia sababu kabla hujaulizia bei. Mama wa genge atakueleza mengi kuliko mjumbe, kwa kuwa yeye anashinda pale tangu asubuhi. Na madereva wa bodaboda wanajua kona ambayo hawakubali kupita usiku.

Karatasi nazipitia kwa ufupi, maana mawakili wapo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama muuzaji ana mwenzi, mwenzi naye asaini, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yake. Hatua inayosahaulika ni kwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri kuangalia mchoro wa eneo zima. Mchoro ndio utakaokuambia kama ule uwazi mbele ya nyumba ni wa michezo, wa zahanati au wa kituo cha mafuta, na barabara iliyo karibu ina hifadhi ya upana gani. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na miongoni mwake zilikuwamo za watu waliokaa pale miaka mingi na watoto wao.

Kuna atakayesema haya ni maneno ya wenye pesa, kwamba mtaa uliokamilika una bei yake. Kweli, una bei. Ndiyo maana nimesema nyumba ndogo. Vyumba viwili karibu na kituo cha mwendokasi na shule vinaweza kuongezwa cha tatu baadaye. Mtaa wa mbali huwezi kuusogeza. Na anayelazimika kwenda mbali, huko huko mbali achague kipande kilicho jirani na shule na lami, hata kama kiwanja ni robo ya kile cha bondeni. Tena apange kwanza. Kodi ya miezi sita itakayoshika masika yote ni ghali, lakini ni ndogo kuliko kosa la kununua.

Limebaki jambo moja, nalo si la dalali. Maeneo ya wazi ya mji huu yanamegwa mchana kweupe, leo kibanda, kesho ukuta, na wanaonunua nyumba za fensi ndefu ndio wasioonekana kwenye mikutano ya mtaa. Hawamjui mwenyekiti, hawajawahi kuuliza mapato na matumizi, wanashtuka siku uwanja wa watoto unapowekewa msingi wa fremu. Ukishanunua, jiandikishe mtaani, hudhuria mkutano, uombe mchoro wa eneo ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mtu auone. Tuta mbele ya shule, taa ya njia na uwanja wa mpira hupatikana mtaa ambao wazazi wanavidai kwa majina yao, na huko ndiko pa kuweka pesa yako.