Tuwasimulie Watoto Hadithi Yote



Juma hili tulikuta vijana watatu wa darasa la tano wakigombana saa ya mapumziko. Kila mmoja alishika ukurasa mmoja wa kitabu cha picha cha Spider-Man, kurasa zilizofungiwa karanga sokoni. Wa kwanza alisema shujaa huyu anasaidia watu. Wa pili alisema ni mwizi, polisi wanamfukuza. Wa tatu alisema amekwisha kufa. Kila mmoja alisema kweli ya ukurasa wake.

Vitabu hivyo ni hadithi moja ndefu. Kampuni ya Marvel ya Marekani iliianza mwaka 1961, na waandishi wanapokezana hadi leo. Jambo linalompata shujaa katika kitabu kimoja linaweza kumfuata katika kingine. Mwandishi Douglas Wolk alisoma zaidi ya vitabu 27,000 ili aielewe hadithi hiyo kama kitu kimoja, akatoa kitabu chake mwaka 2021. Hakuvisoma kwa mpangilio. Alianzia popote, akaunganisha polepole.

Hapa Kivu ya Kaskazini tuna shujaa wa namna hiyo. Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana Mwindo. Kwa desturi msimulizi huimba kipande kimoja leo, kingine siku nyingine. Mwaka 1956 mzee Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck hadithi yote kwa siku 12, akasema hajawahi kuisimulia nzima kwa siku zinazofuatana. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, waliichapisha mwaka 1969.

Vijana wanapenda kipande cha vita. Baba yake, Shemwindo, alikataa wake zake wasimzalie mtoto mwanamume. Mwindo akazaliwa akitembea na kusema. Baba akamtupia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto akashinda yote, na kijiji cha baba kikateketea. Mtoto akiishia hapo, amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Wamama, kwetu Beni na Butembo, somo hilo watoto wanalipata bila mwalimu.

Lakini hadithi inaendelea. Mwindo aliposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake, shangazi yake Iyangura alibaki juu akishika ncha ya kamba. Kamba ikitulia, ajue mtoto amekufa. Mama ambaye mwana wake yuko njiani, na telefone haipiti, anaijua kamba hiyo. Mwindo alimpata baba, naye hakumwua. Walirudi pamoja, baba akakiri kosa lake mbele ya watu, na wote watatu wakaketi kwenye viti vya shaba, shangazi pia.

Hata hapo haijaisha. Mwindo akaua joka, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akampandisha mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, hata majivuno yakamwisha. Aliporudi aliwapa watu sheria: limeni vyakula vingi, msigombane, msimcheke mlemavu anayepita. Huyo ndiye Mwindo mzima.

Wamama, hatuombi mnunue vitabu. Mtoto akiwaletea kipande cha filamu au cha hadithi, mwulizeni maswali matatu: Nini kilitangulia? Nini kilifuata? Nani alimsaidia? Na katika kikundi chetu, kila mama alete kipande anachokumbuka cha hadithi za bibi yake. Mmoja ana mwanzo, mwingine ana mwisho. Tuviunganishe mbele ya watoto, wasije wakakua na ukurasa mmoja tu mkononi.