Majaribio ya Mikarafuu: Miti Mingapi Yatosha?



Yamekuwapo maneno mengi matawini juu ya dawa na mbolea za mikarafuu zinazopitishwa mashambani na wachuuzi. Kila mchuuzi huja na ushahidi wake: shamba fulani lilitiwa, shamba la jirani halikutiwa, basi tazameni tofauti ya pishi! Baadhi ya wanachama wameomba Chama kitoe fedha tununue kwa jumla. Wengine, na kwa maoni yetu hawa ndio wenye busara zaidi, wameomba kwanza tufanye jaribio letu wenyewe. Sisi twaliunga mkono jaribio. Lakini twataka kusema mapema, kabla ya senti moja kutoka katika sanduku la Chama, ya kuwa jaribio dogo mno ni baya kuliko kutojaribu kabisa. Latupotezea misimu, kisha latupa jibu lililoamuliwa na bahati, nasi tukalishika kana kwamba ni elimu.

Haya twayaandika tukiwa Buzuruga, mjini Mwanza. Msomaji atauliza wakulima wa karafuu watafuta nini kando ya Ziwa, mahali ambapo mkarafuu hauoti. Twatafuta habari za pamba. Kusini ya mji huu, katika Wilaya ya Misungwi, kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho kazi yake ya pamba ilianza katika miaka ya 1930 na leo kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbegu za pamba zinazoitwa UK 91 na UKM08 zimechukua herufi hizo za UK kwa jina la Ukiriguru. Mwaka 1962 mabwana J. E. Peat na K. J. Brown walitoa maandishi juu ya majaribio yao ya hapo: samadi, mbolea za viwandani na majivu ya mbegu za pamba. Watu wa huku wamezoea kuuliza swali ambalo sisi visiwani hatulizoei: kipande cha jaribio kiwe kikubwa kiasi gani, na kirudiwe mara ngapi?

Buzuruga yenyewe yatosha kwa somo la kwanza. Mji huu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe. Palipobaki nafasi baina ya nyumba, watu hupanda mahindi kuanzia chini ya jabali hadi kwenye mfereji. Mbegu ni moja na siku ya kupanda ni moja, lakini udongo wa juu ni changarawe nyembamba, na wa chini ni mzito uliokusanya kila kilichoteremshwa na mvua. Mtu akitia mbolea mistari ya chini na kuacha ya juu, atapata tofauti kubwa, naye ataisifu mbolea kwa kazi iliyofanywa na mteremko.

Wasukuma walilijua jambo hili zamani, na lugha yao yashuhudia. Ardhi ya mchanga ya mteremko waiita luseni, ile ngumu ya chini yake itogolo, na udongo mweusi wa bondeni mbuga. Ukiteremka kidogo tu wapita aina mbili tatu za udongo. Mtaalamu mmoja wa udongo wa Amani, Bwana Geoffrey Milne, alitoa mwaka 1935 jina la kitaalamu la mfuatano wa namna hii, katena, yaani mnyororo, na jina hilo latumika duniani kote hadi leo. Basi anayepanga jaribio juu ya mteremko hugawa ardhi kwa matuta yanayokata mteremko, na ndani ya kila tuta huweka vyote viwili, kilichotiwa na kisichotiwa, ili kila udongo upate kuonja pande zote mbili. Pemba yetu ni vilima na mabonde. Ni nani kati yetu asiyejua ya kuwa mkarafuu wa ubavuni na mkarafuu wa karibu na bonde la mpunga si ndugu?

Wala msidhani ardhi tambarare yaponya. Huko Rothamsted, Uingereza, mabwana Mercer na Hall walichukua eka moja ya ngano iliyolimwa na kutunzwa sawasawa, wakaivuna kwa vipande 500, wakapima kila kipande peke yake, wakatangaza hesabu zao mwaka 1911. Hakuna kilichotiwa mbolea zaidi ya kingine. Wastani ulikuwa ratili 3.95 kwa kipande. Kipande kilichokuwa cha chini kabisa kilitoa ratili 2.73, na cha juu kabisa ratili 5.16. Yaani karibu mara mbili, ndani ya eka moja, bila sababu yoyote ambayo mchuuzi angeweza kuiuza! Angekuja mtu na chupa yake akakisimamia kile cha ratili 5.16, angeondoka na fedha za kijiji kizima.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa isiyo dawa. Husema, basi tufanye kipande kiwe kikubwa, tuchukue shamba zima. Kipande kikubwa chasaidia, lakini si kama mtu anavyodhani, kwa kuwa mimea iliyo jirani hufanana. Hunywa maji mamoja, hupigwa na upepo mmoja na hula udongo mmoja. Kuongeza mti wa jirani ni kama kumwuliza ndugu yake shahidi yule yule. Bwana Fairfield Smith alilionyesha jambo hili kwa hesabu za ngano za Australia mwaka 1938: ukikuza kipande mara mbili, kosa hupungua, lakini hupungua kidogo kuliko ukiviacha vipande vidogo na kuongeza idadi yake mara mbili kwa kuvitawanya. Kwa hiyo ardhi ile ile na jasho lile lile hutoa jibu bora zaidi vikiwa vipande vingi vidogo.

Lakini kipande nacho hakiwezi kuwa kidogo bila mwisho. Kwa pamba, mistari ya pembeni huiba mbolea ya jirani, basi haipimwi. Mwenye kipande cha mistari minne akiacha ya kando, apima nusu tu ya alicholima. Mwenye mistari minane apima robo tatu. Kwetu ni kizito zaidi, maana mizizi ya mkarafuu husafiri. Mti ukizungushiwa miti ya kinga pande zote, miti tisa imetumika kwa kupima mmoja.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Mtaalamu anataka kujua mambo mawili kabla hajachimba shimo. La kwanza, miti iliyotunzwa sawa yatofautiana kiasi gani yenyewe kwa yenyewe? La pili, ni faida ndogo kiasi gani ambayo bado ingekulipa, ambayo hungependa ikupite bila kuiona?

Tuchukue kwa mfano shamba ambalo wastani ni pishi 10 kwa mti, na miti miwili katika kila mitatu hutoa kati ya pishi 5 na 15. Aliyewahi kusimama na pishi yake chini ya mikarafuu hatasema tumezidisha. Tuseme mbolea hailipi gharama zake isipoongeza pishi mbili na nusu. Tukitaka nafasi nne katika tano za kuiona faida hiyo iwapo ipo kweli, na tusidanganywe na bahati zaidi ya mara moja katika 20 iwapo haipo, hesabu yatoa miti 63 iliyotiwa na 63 isiyotiwa. Si mitatu kwa mitatu, wala si kumi kwa kumi. Na kama mwenye kuuza adai nyongeza ya pishi moja tu, hesabu hupanda hadi miti 392 kila upande. Swali hilo twashauri Chama kiliache, kwa kuwa gharama ya kulijibu yashinda faida yake.

Miti 126 twaipata wapi? Mikarafuu ikipandwa futi 30 kwa 30, eka moja yachukua miti 48. Mwenye eka tatu, nazo ni eka ambazo wengi wetu tulirithi kwa wazee waliogawiwa baada ya Mapinduzi, ana miti kama 145. Ukitaka kuiweka miti 126 ya kupimwa shambani mwa mtu mmoja, na baina ya kila miwili pawe na mti wa kinga, wahitaji zaidi ya eka 10. Watu wenye eka kumi za mikarafuu iliyo sawa ni wachache, na hata wakipatikana tutakuwa tumejua habari za shamba lao tu, na udongo wao tu.

Maoni yetu ni haya: jaribio lisiwekwe shambani mwa mtu mmoja. Wanachama 32 watoe miti minne kila mmoja, miwili itiwe na miwili isitiwe, iwe ya umri mmoja, ubavu mmoja wa kilima, na miti ya kinga baina yao. Hiyo ni miti 128, na hakuna aliyehatarisha riziki yake. Wawe wa Wete, Mkoani, Chake Chake na wa Unguja pia, ili udongo na mvua za namna zote ziwemo. Tena mti upi utiwe na upi usitiwe uamuliwe kwa kura mbele ya mashahidi, asichague mchuuzi, asichague mwenye shamba, wala asichague Bwana Shamba. Jambo hili la kura Bwana R. A. Fisher, aliyeanza kazi Rothamsted mwaka 1919, alilishikilia sana katika kitabu chake cha 1935 juu ya kupanga majaribio. Jicho la mwanadamu, hata la mwaminifu, huuelekea mti mzuri.

Kuna njia ya kupunguza hesabu, nayo ni kalamu. Kila mkarafuu una tabia yake. Kuna wenye mkono na kuna bahili. Bwana S. C. Pearce, katika kitabu chake cha 1953 juu ya majaribio ya miti ya matunda, alifundisha kutumia mavuno ya nyuma ya kila mti kuusahihisha mti huo huo. Zikiwapo rekodi zinazoeleza nusu ya kutofautiana huko, kwa jinsi wataalamu wanavyokipima, miti 63 yashuka hadi 32 kila upande. Ila kwa karafuu rekodi ya msimu mmoja haifai, na huenda ikapotosha, maana mti uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwaka ujao. Zatakiwa jumla za misimu kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo jaribio lenyewe lisikatwe baada ya msimu mmoja mkubwa.

Twaonya pia juu ya kuhesabu visivyohesabika. Mtu akihesabu vishada katika matawi mia ya mti mmoja, bado ana mti mmoja. Ameujua mti huo vizuri sana, basi. Kadhalika katika ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, ambao wataalamu Nutman na Roberts waliushughulikia katika miaka ya 1950 na kuuhusisha na ukungu uitwao Valsa eugeniae: maradhi huenda kwa makundi, mti na jirani yake. Dawa ikinyunyiziwa upande mmoja wa shamba na kifo kikatokea upande wa pili, hilo ni tukio moja, si miti arobaini.

Wapo watakaosema wazee wetu hawakuwa na hesabu hizi na walilima. Ni kweli, nasi twawaheshimu. Lakini mzee aliyesema mkarafuu wapenda hivi na wachukia vile alikwisha kuona mamia ya miti kwa miaka arobaini, katika mashamba yake na ya watu. Hakuona miti mitatu kwa msimu mmoja na kuombwa fedha jioni yake.

Jambo moja Kamati haijalimaliza, nalo ni haki ya anayetoa miti. Mti uliotiwa dawa ukifa, nani alipa? Sisi twaona Chama kilipe, kwa kiwango kitakachokubaliwa na mkutano kabla ya kuanza na si baada ya msiba. Mwanachama asiyekuwa na dhamana hiyo ataficha mti uliokauka au atauacha nje ya hesabu, na hapo kura na marudio yote yataharibika. Vilevile wachumaji wa miti hiyo walipwe kidogo zaidi, kwa kuwa twawataka wapime karafuu mbichi za kila mti mbali, kabla hazijachanganywa jamvini.

Hoja hii italetwa katika mkutano mkuu. Wakati huu makatibu wa matawi wanapewa daftari za mistari, ukurasa mmoja kwa kila mti, pamoja na rangi ya kuandikia namba shinani. Anayetaka kutoa miti minne aanze kuandika pishi zake msimu huu, hata kama bado hatujaamua ni mbolea gani itakayojaribiwa.