Macho Mekundu si Ulevi



Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la Cyanzarwe hupanda. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi na mwepesi, na upepo unauingiza kila mahali. Ndipo wengi wetu huanza kulalamika: macho yanawasha, yanachoma, ni kama yameingiwa na mchanga. Ikifika jioni ni mekundu. Na asubuhi kapita akikutazama, anasema, "Huyu jana alikunywa."

Neno hilo si dogo. Kibarua anaweza kurudishwa langoni kwa sababu hiyo, na watoto wake wakalala bila chakula. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa macho makavu. Kwa maoni yangu hili ni jambo la chama, wala si jambo la mtu na jicho lake peke yake.

Kwanza tuuelewe. Jicho zima hufunikwa na utando mwembamba wa machozi mchana kutwa, hata kama mtu halii. Utando huo una ute unaoshika jicho, una maji, na juu yake una mafuta yanayotoka kwenye ukingo wa kope ili maji yasikauke upesi. Kila tunapopepesa macho tunaupaka upya. Machozi yakiwa haba, au mafuta yakipungua, au upepo na joto vikiyakausha upesi, jicho hubaki bila kinga. Ndipo linachoma, na kuona kunafifia, kisha kunarudi ukipepesa.

Wengine hukataa, wakisema: "Mimi natokwa na machozi mengi, macho yangu yatakuwaje makavu?" Hapo ndipo watu hudanganyika. Jicho lililokauka hujitetea kwa kumwaga maji kwa ghafula. Maji hayo hayakai. Yanatiririka shavuni, na jicho linabaki na ukavu wake.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu una sababu nyingi. Huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, hasa akina mama waliokoma hedhi, na watu wenye kisukari. Baadhi ya dawa za kumeza pia hupunguza machozi. Lakini tutazame na kazi zetu. Anayeanika na kufungasha maua ya pareto huvuta vumbi linalowasha macho na ngozi. Anayepulizia viazi dawa huirudishiwa usoni na upepo. Katika kiwanda cha chai, anayechochea kuni yuko kwenye moshi na joto, na anayechambua chai kavu yuko kwenye vumbi. Anayekagua chupa zinazopita mbele yake hukodoa macho: mtu hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kitu kimoja hupepesa mara chache zaidi. Kisha mama huyo akifika nyumbani, anaingia jikoni kwenye moshi mwingine wa kuni.

Yako mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya. Usifikiche macho, hasa kwa mikono yenye dawa au vumbi. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Asubuhi na jioni chovya kitambaa safi katika maji ya moto ya kiasi, yasiyounguza, ukikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha kanda kope polepole. Mafuta ya kope yatalainika. Kumbuka kupepesa unapofanya kazi ya kukodoa. Jikoni, acha moshi upate pa kutokea.

Na yako ya kuepuka. Usitie jichoni majani, mkojo, wala maziwa ya mama. Usinunue sokoni matone usiyoyajua. Matone yenye kotizoni hutuliza wekundu upesi, lakini yakitumiwa muda mrefu bila mganga huweza kuleta mtoto wa jicho, na hata presha ya jicho inayopofusha. Nenda kituo cha afya kwa mituweli yako. Wauguzi wa vituo vyetu nchini wamefundishwa huduma ya kwanza ya macho, nao watakuambia kama unahitaji matone ya machozi ya dukani au daktari. Ukiwa na maumivu makali, usaha, doa jeupe kwenye mboni, au ukipoteza kuona kwa ghafula, nenda siku hiyo hiyo. Dawa ya shamba ikikurukia jichoni, lioshe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, ndipo uende.

Lakini, ndugu zangu, kununua matone kila mwezi na kurudi kwenye vumbi lile lile ni sawa na kukomba maji katika mtumbwi uliotoboka. Lazima tundu lizibwe.

Baadhi ya wakubwa wa kazi husema: "Tuliwapa miwani, hawakuivaa." Mara nyingine ni kweli, na hapo tuambiane sisi kwa sisi. Lakini miwani inayoingia ukungu kwa jasho, au jozi moja inayovaliwa na watu wa zamu mbili na kuambukizana ugonjwa, hiyo si kinga. Tena miwani ni ya mwisho. La kwanza ni kupunguza vumbi na moshi pale vinapotoka: kufunika mashine, kufungua madirisha, kutengeneza bomba la moshi, kunyunyiza maji sakafuni panapofaa.

Haya hatuyaombi kama sadaka. Sheria ya kazi ya Rwanda Na. 66/2018, ya tarehe 30 Agosti 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Na Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Basi kila tawi lipeleke mezani mambo manne: vumbi lipunguzwe, kila mtu apewe miwani yake mwenyewe, pawe na maji safi ya kuoshea macho karibu na mahali pa kazi, na wa kazi za kukodoa wabadilishwe zamu na kupumzika kidogo. Nami naongeza la tano: mtu mwenye macho mekundu apelekwe kwa muuguzi kabla hajahukumiwa kuwa mlevi.

Wajumbe, andikeni majina ya wenzenu wanaoumwa macho, na mahali kila mmoja anapofanyia kazi. Majina 20 kutoka chumba kimoja cha kiwanda ni ushahidi ambao hakuna kapita atakayeuita ulevi.

Umoja ni nguvu.