Kusamehewa Kosa Usilolitenda

Jumamosi moja ya muhula huu tulionyeshwa ukumbini picha ya zamani ya Marekani iitwayo Bachelor Mother, ya mwaka 1939. Tulicheka sana, lakini mwisho wake ulizua ubishi bwenini, nami naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu.

Kwa faida ya wasioiona: Polly, anayechezwa na Ginger Rogers, anauza vitu vya kuchezea watoto katika duka kubwa la New York wakati wa Krismasi. Baada ya kupewa barua ya kuachishwa kazi, anakuta mtoto mchanga ameachwa mlangoni pa nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Anamshika asije akaanguka; mara mlango unafunguliwa, na wote wanasema yeye ndiye mama. Kila akikana, huonekana mwongo. David, mwana wa mwenye duka, anamrudisha kazini ili amlee mtoto. Baadaye baba yake David naye anashikilia kuwa huyo ni mjukuu wake.

Mwishowe David anamwambia baba yake kwamba mtoto ni wake, ingawa sivyo, na kwamba atamwoa Polly. Lakini hata dakika ile ya mwisho anaamini kuwa Polly ndiye aliyemzaa. Polly anacheka, na picha inakwisha.

Wenzangu wengi husema huo ni mwisho mwema kabisa, kwa kuwa David amempenda Polly pamoja na mtoto, bila kujali maneno ya watu. Nakubali, huo ni moyo wa kiungwana. Lakini kumsamehe asiyekosa si sawa na kumsadiki.

Mwaka jana niliambiwa nimepoteza kitabu cha maktaba. Nilikana, sikusadikiwa, kisha nikaambiwa, "Haya, tumekusamehe." Wiki tatu baadaye kitabu kilionekana nyuma ya kabati. Msamaha ule uliniuma kuliko adhabu, maana ulinithibitisha kuwa mwongo mbele ya wenzangu.

Kwa hiyo kicheko cha Polly nakisikia vingine. Ana furaha, naam, lakini pia amechoka kusema kweli. Ningalipenda David amwulize mara moja tu, "Ilikuwaje?" kisha asikilize mpaka mwisho.

Nanyi walimu, wazazi na viranja, msamaha wenu ni mwema, twaushukuru. Lakini kabla hamjatusamehe, tuulizeni kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu