Kiu ya Pombe na Uhuru Uliojeruhiwa

Mwezi Julai 2025, Serikali ya Kenya ilizindua sera mpya ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, ikipendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala uliofuata ulielekea zaidi kwenye sheria na biashara. Sisi waamini yatupasa kuuliza pia: kwa nini mtu huapa kuacha, kisha akarudia?

Pombe nyingi ikinywewa kwa muda mfupi, ubongo hutoa kwa wingi dopamini, kemikali inayoufundisha kukumbuka kilicholeta raha na kukitafuta tena. Kila ulevi hukomaza funzo hilo, hata harufu ya baa au siku ya mshahara ikatosha kuamsha hamu kabla ya tone la kwanza. Tena, kwa kuwa pombe huupooza ubongo, ubongo nao hujibu kwa kujiongezea msisimko. Pombe ikiisha mwilini, msisimko hubaki: mikono hutetemeka, usingizi hutoweka, wasiwasi huzidi. Hapo mtu hanywi tena kwa kutafuta raha, bali kwa kukimbia mateso. Nayo sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuzuia tamaa, hukomaa kikamilifu kwenye umri wa miaka 25 hivi. Ndiyo maana hoja ya umri ina uzito.

Je, basi ulevi si dhambi tena? La hasha. Kiasi kinabaki kuwa fadhila. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtenda. Uhuru uliojeruhiwa haujafa, unahitaji kuuguzwa. Anayerudi kwenye Kitubio mara ya kumi na apokelewe kama mtu anayepigana vita.

Hapa pana tahadhari kwa familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tusimshurutishe mtu aliyezoea kunywa sana kila siku aweke nadhiri ya kuacha papo hapo. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kifo. Tumsindikize kwanza hospitalini, ambako zipo dawa za kumvusha salama, na nyingine, kama naltreksoni, za kupunguza hamu. Kisha tusimwache: sala, Sakramenti na ujirani mwema vimshike mkono. Neema haidharau tiba. Huutumia hata mkono wa daktari.