C Ikijaa, Usikimbilie Kuikata D

Tumeandikiwa kwamba diski C ikijaa, tupunguze D na kuiongezea C: kazi ya dakika tano, tena salama. Dakika tano zipi? Ukipunguza D kwa zana ya Windows, nafasi hubaki mwishoni mwa D, ilhali C hupanuka kwenye nafasi tupu inayopakana nayo tu. Lazima D nzima isogezwe.

Na salama kwa nani? Hapa Bujumbura umeme hukatika bila kubisha hodi. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kazi hiyo, picha na hati za familia zinaweza kupotea. Mshauri wetu hakutaja hata nakala ya akiba!

Safisha kwanza. Ondoa Windows.old, hamishia video D, zima hibernesheni: kwenye RAM ya GB 8, faili lake hula takriban GB 3.