Mastaa, thamani ya mtu haikodishwi!

Mjini hapa kuna mastaa wanaoishi kwa gari la kukodi na nguo za kuazima. Picha ikishapigwa, gari linarudi kwa mwenyewe, staa anadandia bodaboda kurudi kwenye chumba anachodaiwa kodi ya miezi mitatu. Kupendeza siyo dhambi. Tatizo linaanza pale laiki zikipungua, basi naye anajiona hafai, anafuta picha, anakimbilia kununua wafuasi.

Instagram wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2019 walianza kujaribu kuficha idadi ya laiki, na 2021 wakampa kila mtumiaji nafasi ya kuificha. Lakini kuficha namba hakumfanyi mtu ajithamini.

Kujithamini kunajengwa na mambo yasiyopigwa picha: kufika lokesheni kwa wakati, kulipa madeni, kukataa dili la kudhalilisha hata kama mfuko umetoboka. Kila ahadi anayojiwekea na kuitimiza inampa sababu ya kujiamini. Mashabiki wakihamia kwa staa mpya, na lazima watahamia, huyo atabaki na kitu. Yule wa gari la kukodi je, atabaki na nini?

Wadau, mnasemaje?